Kocha wa ngumi kwa mtu asiyepanda ulingoni

Hapa Kigoma, mtu wa Mwanga au Ujiji akisema anamlipa kocha wa ngumi na hana mpango wowote wa kupigana, maswali hayakawii. Unataka kumpiga nani? Hizo hela si bora ungenunua simenti? Siku hizi mambo yamezidi kuchanganyika, maana mitandaoni kila mwenye kipaza sauti anajiita kocha wa maisha, na wengine wamevaa glavu kwenye picha. Mzazi mmoja anampeleka kijana wake karate akitumaini atarudi na adabu, jirani yake anamkataza wa kwake akiamini atarudi mkorofi. Wote wawili wana hoja, na tutaona kwa nini. Ila kwanza tukubaliane juu ya maneno.

Michezo ya mapambano ni ile ambayo mpinzani yuko mbele yako na anaruhusiwa kukupiga, kukubeba au kukuangusha kwa mujibu wa sheria: masumbwi, mieleka, judo, karate, taekwondo, kikiboksi. Kinachoitenganisha na ugomvi wa stendi ni refa, muda, uzito unaolingana na haki ya kusema basi. Katika masumbwi kuna ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa. Michael Yombayomba alipoiletea Tanzania dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, alikuwa bondia wa ridhaa. Nje ya makundi hayo mawili kuna kundi la tatu, ambalo huenda ndilo kubwa kuliko yote: watu wanaofanya mazoezi yale yale na hawapigani na mtu. Ni hao tunaowazungumzia hapa.

Nidhamu, kama inavyoeleweka jimu, ni kufanya ulichopangiwa kwa muda uliopangwa hata mwili ukigoma, na kuacha muda ulipokwisha hata kama hasira bado zinachemka. Watu wengi hukumbuka nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ndiyo inayomfaa zaidi mtu mwenye familia, mwenye bosi, au mwenye simu inayolia hadi saa sita usiku.

Kocha binafsi ni mtu anayekufundisha peke yako au mkiwa wachache. Anakuona ukifanya, anakusahihisha papo hapo, anakupa kazi ya kufanya akiwa hayupo, na mkikutana tena anaiulizia. Mhamasishaji anazungumza na ukumbi mzima na hajui jina lako. Mwalimu wa mazoezi ya viungo anashughulika na mwili, basi. Mshauri nasaha amesomea kusaidia watu wenye majeraha ya moyo na akili. Matatizo mengi huanza pale mmoja wa hawa anapojifanya mwingine.

Tuingie jimu sasa. Saa moja ya mazoezi ya ngumi imejengwa kwa raundi. Kanuni zinazoitwa za Queensberry, zilizochapishwa Uingereza mwaka 1867, ndizo zilizoweka raundi ya dakika 3 na mapumziko ya dakika 1, na mpaka leo jimu nyingi duniani zinafanya kazi kwa saa hiyo. Anayeanza hupewa raundi za dakika 2. Mpango wa kawaida kwake ni siku tatu kwa juma, zisizofuatana: dakika 10 za kupasha mwili, raundi tatu za kuruka kamba, tatu za kucheza kivuli, yaani kurusha ngumi hewani bila mpinzani, tatu za begi, mbili za kupiga pedi anazozishika kocha mikononi, kisha mazoezi ya tumbo na kunyoosha viungo.

Kabla ya hayo yote kuna kufunga bandeji, na hapo kocha mzuri hana haraka. Bandeji ya mtu mzima ina urefu wa mita 4.5 hivi. Kitanzi kinaingia kidole gumba, vidole vimetanuliwa, kisha bandeji inazunguka kifundo cha mkono mara tatu, inapanda kwenye vifundo vya vidole mara tatu, inapita kati ya vidole kimoja kimoja, inarudi kwenye gumba na kumalizikia kwenye kifundo. Ukikaza mno, vidole vinakufa ganzi kabla raundi ya pili haijaisha. Ukilegeza, kifundo kinapinda ngumi ikitua vibaya, na unakaa majuma kadhaa bila kuweza kubeba hata ndoo. Kazi hiyo inakula dakika tano, na mtu mwenye pupa huichukia. Kocha anayejua kazi yake huzitazama dakika hizo tano kuliko ngumi zenyewe, kwa sababu jinsi mtu anavyofunga bandeji mara nyingi ndivyo anavyofunga hesabu za duka lake.

Begi nalo lina jambo lake. Wengi hapa hujitengenezea kwa gunia, wakalijaza mchanga. Mchanga unashuka chini na kushikamana, na baada ya siku chache sehemu ya chini inakuwa ngumu kama ukuta. Hapo ndipo vifundo vinapoumia. Jaza vipande vya nguo kutoka kwa fundi cherehani, ushindilie kidogo kidogo, mpaka begi lifikie karibu nusu ya uzito wako. Kamba ya kuruka ni ya manila tu: ikanyage katikati, ncha zake zifike kwapani.

Sasa lile swali lenyewe: je, nidhamu hii inahama kutoka jimu kwenda nyumbani? Jibu la kweli ni kwamba haihami yenyewe. Mwaka 1986 mtafiti Michael Trulson wa Marekani alichapisha matokeo ya kazi aliyofanya na vijana wenye historia ya uhalifu, akiwa amewagawa makundi matatu. La kwanza lilifundishwa taekwondo kwa njia ya zamani, pamoja na heshima, utulivu na maana ya kila tendo. La pili lilifundishwa mbinu za kupigana bila hayo mengine. La tatu lilifanya michezo ya kawaida. Baada ya miezi sita kundi la kwanza lilikuwa limepungua ukali, na la pili lilikuwa limezidi. Vijana walikuwa wachache, kwa hiyo utafiti ule peke yake hautoshi kufunga mjadala. Lakini mwaka 2005 Inger Endresen na Dan Olweus walichapisha utafiti wa Norway uliofuatilia mamia ya wavulana kwa miaka miwili, wakakuta kwamba waliokuwa katika ngumi, mieleka, kunyanyua vyuma na michezo ya mapambano ya mashariki walizidi tabia za ukorofi, hata nje ya mchezo.

Kwa hiyo yule jirani anayemkataza mwanawe hajatunga hofu hewani. Na yule mzazi anayempeleka wake ana haki ya kutumaini, mradi aulize anafundishwa nini na nani. Mike Tyson alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1986 akiwa na miaka 20, na huwezi kufika pale bila nidhamu kali ya mazoezi. Mwaka 1992 alihukumiwa kwa ubakaji, na mwaka 2003 alitangaza kufilisika. Nidhamu ya ulingoni ilibaki ulingoni. Mtu akikuambia kwamba ngumi zinajenga tabia, muulize: kwa kupitia nini? Kama hana jibu, anauza jasho tu.

Jibu lipo, na linaanzia kwenye namna kocha anavyotazama. Bondia akipigwa, kocha wa kona hamuulizi kwa nini anapigwa. Anatazama ngumi inaingilia wapi. Mara nyingi anakuta kitu kidogo: kila akirusha mkono wa kulia, wa kushoto unashuka chini ya kidevu. Ana dakika moja tu ya kumwambia, na kocha mwenye uzoefu hutumia sehemu ya kwanza kumwacha apumue na anywe maji, kisha anampa neno moja: rudisha mkono shavuni. Akimpa maneno matano, bondia anarudi katikati na hakumbuki hata moja.

Ukimpata kocha anayeweza kufanya hivyo kwa maisha yako ya kawaida, umepata unacholipia. Tuchukue mama anayeuza dagaa mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Anafanya mazoezi mara tatu kwa juma, na shida aliyoileta ni kwamba mtaji unayeyuka. Mazungumzo yao, wakati anafungua bandeji, yanaweza kwenda hivi:

"Mama, juma hili mtaji umeugusa mara ngapi?"

"Mara mbili, kocha. Jumanne na Alhamisi."

"Saa ngapi?"

"Jioni. Nikitoka mwaloni mkoba ninao mkononi, watoto wananipokea mlangoni, huyu daftari, huyu viatu."

"Basi ngumi inaingilia mlangoni. Mtaji usifike mlangoni."

Hajamwambia awe na msimamo, wala ajitume. Wamekubaliana kitu kimoja: akishauza ndoo ya mwisho, kabla hajaondoka mwaloni, anapita kwa wakala na kuweka mtaji wa kesho kwenye simu. Faida tu ndiyo inafika nyumbani. Wanasaikolojia wana neno la mpango wa namna hii, na mjerumani Peter Gollwitzer aliueleza vizuri mwaka 1999: likitokea hili, nitafanya lile. Nguvu yake ni kwamba uamuzi umeshafanyika kabla ya kishawishi. Bondia naye hafikirii akiona ngumi inakuja. Amekwisha kuamua mara elfu mbele ya begi.

Mpango mzuri una sehemu tatu. Una alama ya kuanzia ambayo ipo tayari katika siku yako: adhana ya alfajiri, kengele ya shule, kuzima pikipiki, kufunga duka. Una tendo moja dogo linalofanyika ndani ya dakika chache. Una mtu atakayekuuliza. Ukikosa alama, unasahau. Tendo likiwa kubwa, unaahirisha. Asipokuwepo wa kukuuliza, juma la tatu linakukuta ulipokuwa. "Nitaamka mapema nisome" haina hata moja. "Nikitoka kusali alfajiri nakaa mezani, nafungua daftari la hesabu, nafanya maswali matatu, na Jumamosi kocha anayaona" inazo zote.

Kila juma kitu kimoja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anaanza Jumatatu kwa kukimbia, kuacha sukari, kuweka akiba, kusoma na kupunguza simu, vyote kwa mpigo, na Ijumaa hana hata kimoja. Bondia anayejaribu kurekebisha miguu, kidevu, pumzi na kiwiko katika raundi moja hupigwa raundi nzima.

Mtasikia pia kwamba tabia mpya inakaa baada ya siku 21. Si kweli. Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London cha UCL waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia moja moja, na matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha wastani wa siku 66, kuanzia 18 kwa wepesi hadi 254 kwa wazito. Kunywa glasi ya maji ilikaa haraka, mazoezi yalichelewa. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Maelezo hayo ya mwisho yana thamani kubwa kwa mtu aliyezoea kusema "nimeshaharibu, basi tena". Jimu hakuna anayefukuzwa kwa kupoteza raundi moja.

Halafu kuna hasira, ambayo ndiyo inayowaleta vijana wengi. Imani iliyoenea ni kwamba ukilipiga begi kwa hasira, hasira inaisha. Mwaka 2002 Brad Bushman wa Marekani alichapisha jaribio ambamo watu waliochokozwa walipiga begi huku wakimfikiria aliyewachokoza. Waliishia kuwa na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya bila kufanya chochote. Kwa hiyo kocha akikuambia "mfikirie adui yako, piga", anakufundisha kukasirika vizuri zaidi.

Kinachosaidia ni kazi nyingine kabisa, nayo ni kubaki na akili mtu akikugusa. Inapandishwa ngazi kwa ngazi. Kwanza kocha anakugusa mabegani kwa kiganja ukiwa na mikono juu, kazi yako ni kutoa pumzi kwa kila mguso na macho yasifumbe. Mwanzoni kila mtu anabana pumzi, na ukibana pumzi mabega yanapanda, mikono inakuwa mizito na huoni kinachokuja. Ukishazoea, anakugusa huku anakuuliza swali rahisi, kama tisa mara saba, nawe unajibu bila kuacha kujikinga. Baadaye sana, na kwa anayetaka tu, ndipo inakuja sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, nyepesi na ya mwili bila kichwa, kwa glavu za aunsi 14 au 16. Zoezi la nyumbani linalolingana nalo ni fupi: mteja akikutukana, toa pumzi polepole mara moja hadi iishe, ndipo ujibu. Dereva wa bodaboda anayelifanya zoezi hilo kwa kila abiria anayebishia nauli atalirudia mara nyingi kwa siku kuliko bondia anavyolirudia jimu.

Mapumziko watu huyaonea aibu. Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika haoni aibu hiyo: mwezi ukiwa mpevu taa zake haziwakusanyi samaki, kwa hiyo anabaki nchi kavu, anashona nyavu na kulala, na giza likirudi anaingia ziwani akiwa kamili. Mazoezi nayo yana giza na mbalamwezi. Majuma matatu ya kupandisha kazi, juma moja la kupunguza hadi nusu. Dalili kwamba umepitiliza ni usingizi unaokatika, hamu ya kula inayopotea, na mapigo ya moyo ya asubuhi yaliyo juu kuliko kawaida yako. Yahesabu kabla hujatoka kitandani, sekunde 30 zidisha mara mbili, uandike. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Vipindi vitatu vya jimu vinatosha kabisa. Kukimbia kupanda kilima kutoka ziwani kila siku juu ya hivyo vitatu ni kujichosha.

Chakula tupite haraka. Ugali wa muhogo unakupa nguvu na karibu haukupi protini, kwa hiyo dagaa au maharage ndiyo yanayojenga msuli. Kula mapema, ukibakiwa na muda wa saa mbili au tatu kabla ya mazoezi. Na kwa kuwa hushindani katika kundi la uzito, usijaribu kamwe zile mbinu za kushusha kilo kwa kujikausha maji, kama kuvaa nailoni na kutema mate. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya majuma machache wakifanya hivyo, na wao walikuwa vijana wenye afya.

Kichwa kinahitaji tahadhari kuliko yote. Faida zote zilizotajwa hapa zinapatikana bila kupigwa kichwani hata mara moja, na kocha anayesema lazima upigwe ili uwe mgumu hafai. Ukipigwa ukaumwa kichwa, ukaona kizunguzungu, ukatapika, ukasahau kilichotokea au mwanga ukakukera, mazoezi yameisha siku hiyo. Kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa ni safari ya hospitali, kwetu ni Maweni, usiku huo huo. Katika ngumi za ridhaa bondia aliyeangushwa kwa pigo la kichwa hupumzishwa angalau siku 30, na zaidi kama alizimia. Asiyeshindana hana sababu ya kujipa muda mfupi zaidi.

Kumchagua kocha, tazama kwanza anavyowafundisha wengine. Kaa pembeni kipindi kizima. Hesabu mara ngapi anasahihisha kitu mahususi na mara ngapi anapiga kelele tu za "twende, twende". Muulize alijifunza kwa nani, anafanya nini mtu akiumia, na ana wanafunzi waliofanya naye zaidi ya mwaka. Mtoto au binti asifundishwe chumba kilichofungwa akiwa peke yake na kocha, awe nani awe. Mlango unabaki wazi na mzazi ana ruhusa ya kuingia saa yoyote. Kocha akikataa hilo, ondoka. Likitokea la kutokea, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na namba 116 ya watoto hupigwa bila malipo.

Mtu anayewaza kujidhuru, anayekunywa hadi anashindwa kazi, au anayerudiwa na picha za kitu kibaya alichokiona, anahitaji mshauri nasaha au daktari. Mazoezi yanaweza kuendelea kando, lakini kocha mwaminifu atamwambia hivyo siku ya kwanza na kumsindikiza ikibidi.

Mwisho, kubalianeni muda. Majuma 12 yanatosha kuanzia: jambo moja mliloandika mwanzoni, kipimo chake, na daftari ambalo nyote wawili mnalisoma. Juma la 12 mnakaa chini na daftari. Kama mtaji wa yule mama umekaa, wanachagua jambo jingine au wanaagana, naye anabaki na kamba yake na begi lake la vitambaa. Kama haujakaa, wanarudi kutafuta ngumi inaingilia wapi.